Ngozi ya Bwana Chui

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama watu waliolala na njaa. Tena, na wa nyuma nao wafungue midomo. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Aliyekaa mbele yenu ni bingwa wa hadithi toka bondeni hadi mlimani. Shule niliishia la nne, walimu waliishiwa la kunifundisha. Sogezeni kuni, msikilize.

Hapo zamani za kale, wanyama wakiwa bado wanasemeshana, palikuwa na kikundi cha ngoma cha watu watatu. Bi Kanga aliimba, Kima alipiga, Kobe alicheza. Ndiyo, Kobe. Akiinua mguu, watazamaji walikwenda kuchota maji wakarudi, mguu bado uko juu.

Lakini msiwacheke, kazi yao ilikuwa kubwa. Kila mwaka kabla ya masika waliwapa watoto majina. Bibi huchagua jina la mjukuu, akalificha kifuani, asimtajie hata mama wa mtoto. Siku ya ngoma Kima hupiga tu, tu, tu, Bi Kanga huliimba jina, na mtoto hulisikia kwa mara ya kwanza pamoja na nyika nzima. Tangu hapo akipotea huitwa, akiitwa huitika.

Mwaka huo Bi Kanga naye alikuwa na mjukuu wake mmoja, kifaranga yatima mwenye doa jeupe kichwani. Jina lake lilikuwa tayari kifuani kwa bibi. Shida ilikuwa ngozi ya ngoma. Ilikuwa imechakaa, nyembamba kama ganda la kitunguu.

"Hii itamaliza majina ya mwaka huu, Bibi," Kima akasema. "Ya mwakani haifiki."

"Basi tukaombe nyingine sasa, kabla ya mvua," akasema Bi Kanga. "Bwana Chui ana ghala zima la ngozi."

"Amezipata wapi?" Kobe akauliza.

"Mzee mwenzangu, mwombaji hachungulii jikoni."

Wakaenda. Mlangoni kwa Chui wakamkuta karani wake, Mbweha, kakalia gogo.

"Kikundi kina mwenyekiti?"

"Mimi," akasema Bi Kanga.

"Katibu?"

"Kima huyu."

"Mhazini?"

Wote wakamtazama Kobe.

"Mhazini wa nini, mwanangu," Kobe akasema, "na hatuna hata kibuyu?"

"Mhazini, Kobe," Mbweha akaandika. "Sasa kanzeni ngoma. Bwana hapendi ngoma baridi. Anakuja sasa hivi."

Ngoma hukanzwa motoni ngozi ikaze, hilo mnalijua. Ikipoa hulegea, ikilegea hukanzwa tena. Kima akaikanza, Chui hakutoka, ngoma ikapoa. "Anakuja sasa hivi." Kima akaikanza, ikapoa. "Anakuja sasa hivi." Kima akaikanza, ikapoa. Jua lilipoinama Mbweha akasema, "Bwana amepata wageni. Njooni keshokutwa."

Keshokutwa wakarudi. Safari hii Bwana alikuwa anachana masharubu. Kima akaikanza, ikapoa. Akaikanza, ikapoa. Akaikanza, ikapoa.

"Bibi," Kima akanong'ona, "ngozi inalia chini ya vidole. Turudi tukawape watoto majina kwa hiki kilichobaki. Mvua inanuka."

Bi Kanga akamtazama mjukuu wake, aliyekuwa akidonoa majivu miguuni pake. "Tumekuja mara mbili. Tukiacha sasa, watasema hatukuwa na haja. Mara moja tu tena."

Mara ya tatu wakangoja toka asubuhi. Kima akaikanza, ikapoa. Akaikanza, ikapoa. Alipoikanza tena, Chui akatoka na wageni wake, akaketi, akakunja mkia.

"Haya, tusikie."

Kima akainua mkono. Tu. Ngozi ikachanika toka ukingo hadi ukingo.

Wahenga walisema ngoma ivumayo sana hupasuka. Hii haikuvuma. Ilipasuka kwa kungoja.

Chui akatikisa kichwa kwa huzuni, na huzuni ilimpendeza. "Nilikuwa nimekwisha kuwatengea ngozi. Lakini mimi huwapa wenye ngoma. Nyinyi mna ngoma?"

"Tulikuwa nayo tulipobisha hodi," akasema Kobe.

"Karani, nani mwingine ana ngoma?"

"Fisi, Bwana. Nzima kabisa, haina hata mkwaruzo."

"Huipiga?"

"Hajawahi. Hutunzia mifupa."

"Mnaona?" Chui akawaambia wageni. "Huyo ndiye anayejua kutunza."

Fisi akaitwa, akapewa ngozi, wageni wakapiga makofi. Hakufika nayo kwake. Aliila njiani, na manyoya yake.

Usiku ule masika yakaanguka. Kifaranga mwenye doa jeupe akapotezana na bibi yake kwenye majani marefu. Bi Kanga akasimama mvuani, akalitoa lile jina kifuani, akaliita. Akaliita tena. Akaliita mara ya tatu. Nililisikia kwa masikio yangu haya, wala sitalitaja.

Mtoto naye alilisikia. Alikuwa nyuma ya kichuguu, hapo karibu tu. Lakini hakuna aliyewahi kumwambia kuwa ni lake. Mvua nayo ilikuwa imeibadilisha sauti ya bibi, akadhani anaitwa mtoto mwingine, akajikunyata kimya, akimwonea wivu huyo mwenye bibi wa kumwita hivyo. Maji yakaja, yakampitia, yakaenda naye.

Mvua zilipokwisha, Mbweha akafika kwa Bi Kanga, ameshika jani lenye maandishi.

"Mama, Bwana Chui anasherehekea mwaka wa kuzisaidia ngoma. Mmealikwa kuja kuimba shukrani. Chakula mjitegemee."

Bi Kanga akafungua kinywa. Haukutoka wimbo, halikutoka jina. Kilitoka kilio kikavu, kimoja, kikijirudia kama mlango mbovu, na wajukuu wa kanga wa nyika nzima, wasio na majina, wakakipokea.

Mpaka leo kanga hawana majina. Wanalia kilio hicho kimoja, na ukimwita mmoja wanakimbia wote, maana hakuna anayejua ni nani aliyeitwa.

Hadithi yangu imeishia hapo. Kama imewakaa chungu mdomoni, msinitemee mimi. Mimi nimeitoa bila kuwangojesha.