Jiwe la Mama Tusekile

Ndugu zangu, hii nimeletewa na mama mwenzangu tunayekutana naye kliniki. Niliisoma mtoto akiwa kifuani, na mpaka sasa haijanitoka. Ukipata nafasi isome, kisha mpe na mwenzako.

Palikuwa na dereva aliyeitwa Mwandemele. Alikuwa na lori lake la zamani, na kazi yake ilikuwa kubeba ndizi kutoka vijiji vya bondeni kuzipeleka soko la mjini, juu ya mlima.

Mlima huo ulikuwa mkali, na katikati yake palikuwa na kona mbaya. Lori likifika hapo na mzigo lilichoka. Lilikohoa, likatetemeka, na kila mara dereva alipotaka kubadilisha gia lilianza kurudi nyuma.

Kwenye kona hiyo aliishi mjane mmoja, Mama Tusekile. Siku ya kwanza aliposikia lori linahangaika, aliacha nguo kwenye beseni, akaokota jiwe kubwa, akavuka barabara na kulisukumia nyuma ya gurudumu. Lori likatulia. Mwandemele akabadilisha gia, akapanda.

Hakuna aliyemwomba. Lakini tangu siku hiyo, kila aliposikia lori linaanza kunguruma kule chini darajani, aliinuka. Alijua ana muda wa kutosha. Alikaza kanga yake, akaokota jiwe, akavuka taratibu na kusubiri upande wa pili.

"Kanyaga mafuta, baba! Jiwe lipo!"

Mwandemele alipiga honi ya kumshukuru, akaenda zake. Miaka ikapita hivyo. Hawakuwahi hata kunywa chai pamoja.

Huko sokoni madereva wenzake walimcheka.

"Mwandemele, jana nimeona mama mjamzito, ndoo kichwani, anakupita mlimani!"

Mwingine akadakia, "Mwacheni. Ndizi zake zinatoka shamba mbichi, zinafika zimeiva. Anawarahisishia wanunuzi."

Alicheka pamoja nao, lakini iliuma. Ndipo akasikia habari za chipu, kijisanduku kidogo kinachofungwa kwenye nyaya za injini, nayo injini inapata nguvu zaidi. Akaenda kwa fundi.

Fundi akamwekea mbili mezani.

"Hii ndogo itakutoa pale unapokwama. Utapanda polepole kama zamani, ila hutarudi nyuma. Hii kubwa itakupandisha kama vile huna mzigo."

Mwandemele hakufikiri sana. Alikumbuka vicheko vya sokoni.

"Nifungie kubwa."

Jioni alimweleza mke wake, naye akafurahi. Kisha mke akauliza, "Yule mama wa jiwe umemwambia?"

"Sijamwambia. Nataka aone mwenyewe. Nitapanda moja kwa moja, nisimame pale juu kidogo ya kona, nishuke nimwambie: mama, kuanzia leo pumzika."

"Ungemwambia kwanza, Baba Lusajo."

"Utamu wake utakuwa wapi?"

Mke akatabasamu. Akafungua sanduku lake, akatoa kanga mpya aliyokuwa ameitunza, akaikunja vizuri. "Basi mpe hii. Mwambie imetoka kwangu."

Siku iliyofuata Mwandemele alipakia ndizi, akaweka kanga kwenye kiti cha pembeni. Alipovuka daraja akakanyaga mafuta. Lori likanguruma, likaupanda mlima kama jipya. Akacheka peke yake kwa furaha.

Mama Tusekile alikuwa nje anachambua maharage. Alisikia muungurumo ule anaoujua. Akaweka ungo chini, akakaza kanga, akaokota jiwe lake. Akaanza kuvuka.

Mwandemele alipoingia kwenye kona alimwona katikati ya barabara, ameinama, jiwe amelikumbatia kama mtoto. Hakutazama lori linakotoka. Miaka yote ile hakuwahi kuwa na sababu ya kutazama.

Honi ilichelewa. Breki nazo zilichelewa.

Watu walipofika walimkuta dereva amepiga magoti barabarani, akirudia neno moja: "Nilitaka apumzike. Nilitaka apumzike." Ile kanga mpya ndiyo aliyomfunika nayo.

Askari wa barabarani walikuja, wakapima. Wakasema mwendo wake ulikuwa wa kawaida. Kweli ulikuwa wa kawaida, kama wa magari mengine yote. Ila haukuwa mwendo ambao mama yule aliuzoea.

Baada ya mazishi Mwandemele alirudi kwa fundi, akaitoa ile chipu. Hakutaka hata ile ndogo. Lori akaliacha limesimama uani hadi majani yakaota kwenye magurudumu. Mwishowe, kwa kuwa watoto wanakula, akarudi kazini.

Alipofika kwenye kona lori lilichoka, kama zamani. Likakohoa, likatetemeka. Akashika gia, na lori likaanza kurudi nyuma. Masikio yake yalisubiri ile sauti, ingawa alijua haitakuja. Mguu ukalegea kwenye breki. Akasema moyoni, acha lirudi, liende na mimi hukohuko bondeni.

Ghafla gurudumu likagota. Lori likatulia.

Akatazama kwenye kioo cha pembeni. Nyuma alisimama mwanamke kijana, mtoto mgongoni, anakung'uta vumbi mikononi. Alikuwa Tusekile, binti pekee wa marehemu. Siku ya msiba hakumsemesha Mwandemele hata neno, wala mkono wake hakuupokea.

Tusekile alimtazama kwenye kioo. Kisha akasema:

"Kanyaga mafuta, baba. Jiwe lipo."

Mwandemele akabadilisha gia, akapanda. Alipeleka mkono kwenye honi ili ashukuru, mkono ukakataa. Alipofika juu alisimama, akalaza kichwa kwenye usukani, akalia mpaka madereva waliokuwa nyuma yake wakazima injini zao, wakamsubiri. Hakuna aliyecheka.

Funzo: Ukipata nguvu mpya, wa kwanza kuambiwa awe yule aliyekusaidia ulipokuwa dhaifu, maana huenda bado yuko njiani, ameinama, amekubebea jiwe.