Kidonge Kilichosoma Sifuri

Wapendwa, mimi shule niliiacha njiani, lakini kemia naijua mpaka kemia yenyewe ikiniona inapisha. Nisikilizeni.

Kulikuwa na dada mmoja mtafiti, kazi yake kutengeneza unga wa kauri. Si wa ugali, mama, usilambe midomo. Dawa zinayeyushwa majini, zinachanganywa, zinakaushwa, zinachomwa kwenye tanuri, unatoka unga laini hivi kwamba mbu akikohoa Kigoma, unapeperuka Tanga. Ukiugandamiza ukawa kidonge, kila ukikibonyeza kinatoa umeme. Dada alikitaka kwa kifaa cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni. Mdogo wake alipoteza mtoto kwenye zahanati isiyo na kifaa hicho.

Akaupima unga kwa eksirei. Chembe zimejengeka sawasawa, hauna kasoro. Akabonyeza kidonge. Mita ikasoma sifuri. Akabonyeza mpaka kidole kikaota sugu kama kisigino changu. Sifuri.

Akamwendea mwalimu wake. "Mwalimu, unga wangu umekufa. Kidonge nakitupa."

"Kidonge umekitia kwenye mafuta ya moto, ukakipiga umeme mkali?"

"Cha kwanza kilipasukia humo humo. Nimebaki na hiki tu, naogopa."

"Mwanangu, hicho kimejaa nguvu. Ila ndani chembe za huku zimeelekea kulia, za kule kushoto, kila moja inafuta nguvu ya mwenzake. Moto unazilegeza, umeme unazigeuza zielekee pamoja. Usipokitia, utazika kilicho hai."

Ungekuwa wewe ungekitia? Wewe unayepuliza chai mpaka inaganda?

Dada akakitia. Akawasha umeme, akakiacha kipoe umeme ukiwa bado unawaka. Ndipo akazima, akakitoa, akakigusa tu. Mshale wa mita ukaruka ukagonga ukingo.

Na umeme ulishazimwa, wapendwa. Hakuna aliyezishikilia chembe zile. Zilibaki zimeelekea pamoja.

Sasa sisi tunanong'ona kwamba kanisa letu limekufa. Limekufa wapi? Kwaya hii ikiimba mabati yanahamia wilaya ya pili, ila imenuniana na akina mama. Akina mama hawasalimiani na vijana. Wazee nao wamewageuzia wote mgongo. Tukijumlishwa tunasoma sifuri, na nguvu tunazo.

Basi moto wa majaribu ukitukuta wiki hii, tusikurupuke kutoka. Tumwombe Mungu atugeuze tukiwa bado wa moto, na tupoe tukiwa tunamtazama yeye.