Sakafu ya Kabula

Wekeni hiyo fimbo chini, wajukuu zangu, mwacheni huyo mtoto wa mbwa apumue. Sogeeni. Nikisema zamani, niitikieni zipo. Zamani! Vizuri. Zamani hizo hata bibi yangu hajazaliwa, na sakafu za watu zilisilibwa kwa samadi mbichi ya ng'ombe.

Palikuwa na mjane, jina lake Kabula. Alikaa na mama mkwe wake, na mtoto mmoja tu, Limi, aliyempata baada ya kumlilia miaka mingi. Na alikuwa na sakafu. Mnacheka? Kijiji kizima kiliisifu, kwa vile alivyoisiliba na kuichora kwa vidole.

Akapewa mbwa mchanga wa kumlinda mtoto, wakamwita Kijivu. Kijivu akajisaidia sakafuni, akapigwa. Akakojoa kando ya kinu, akapigwa. Masikini, angejuaje? Anamwona mama mwenyewe anapaka mavi ya ng'ombe nyumba nzima, yeye akiweka yake kidogo anachapwa mwiko.

Mama mkwe akamwambia, "Mwanangu, akiamka mtoe nje. Akishakula mtoe nje. Akijisaidia huko, msifu. Unampiga kwa kitu kilichokwisha kupoa, hajui kosa lake ni lipi."

Kabula akajibu kwamba mbwa hana akili ya kusifiwa, ana mgongo wa kupigwa. Neno hilo linanichoma mpaka leo.

Basi akapigwa, akapigwa, mpaka akajifunza. Alijifunza nini? Kwamba nyumba inauma. Hakuvuka tena kizingiti, hata kwa mvua, hata kwa mfupa. Kabula akawatambia wenzake kisimani kwamba mbwa wake kafunzika.

Siku moja ya palizi, mama mkwe kaenda kuni. Kabula alikuwa amesiliba asubuhi, sakafu bado mbichi. Akamlaza Limi ndani kwenye ngozi, akaenda kupalilia mtama nyuma ya nyumba. Nyoka akaingia mlangoni, swila. Kijivu akabweka. Akatia mguu mmoja ndani, akakumbuka, akaurudisha. Akabweka tena.

Kabula akaja na mpini wa jembe. Akaona nini? Alama ya mguu wa mbwa kwenye sakafu yake. Hakutazama mbele ya hapo. Akampiga.

"Utaniamshia mtoto," akasema, akarudi shambani. Kijivu akanyamaza, kama alivyofunzwa.

Limi hakuamka. Mama yake alipoingia kumnyonyesha alimkuta amepoa, na mburuzo wa nyoka umepita kando ya ile alama, moja kwa moja mpaka kwenye ngozi.

Baada ya mazishi, Kabula alimwita Kijivu aingie ndani. Alimwita kwa maziwa, akamwita kwa magoti. Hakuvuka. Na sakafu ile haikusilibwa tena. Ikapasuka, ikawa vumbi, ila ile alama ya mguu mmoja Kabula alikuwa akiikwepa kwa ufagio.

Ndiyo maana nimekasirika. Mnadhani mnamfunza huyu wenu mlango ulipo, kumbe mnamfunza kuwaogopa, na siku mtakapomhitaji atabaki nje.

Zamani yangu imefika kizingitini, naiacha hapo. Haya, mmoja wenu ambebe huyo mbwa ampeleke uani, amngoje. Akimaliza, amsifu. Nataka kusikia kutoka hapa nilipokaa.