Nitakuitia Kigong'ota!

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mna peremende mashavuni? Temeni, nyie! Na wakubwa pia, nawaona. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama wakiwa bado na shule yao, palikuwa na Bi Fisi na bintiye wa pekee, Mosi. Mosi alikuwa mtundu, na kwa asali alikuwa haambiliki. Bi Fisi akichoka kugomba, alikuwa na neno lake moja: "Endelea tu! Nitakuitia Kigong'ota aje akung'oe meno yote!"

Mosi ananywea. Bi Fisi anacheka, anaendelea na kazi zake.

Huyo Kigong'ota, ndege yule agongaye miti kwa mdomo, alikuwa tabibu wa meno. Siku moja Mwalimu Kobe, ambaye maskini hata jino moja hana, alimwalika shuleni. Kigong'ota akaja na miswaki ya mti, akasema, "Wanangu, leo sing'oi kitu. Nawafundisha kupiga mswaki, halafu nachungulia tu. Jino likianza kutoboka, nikiliwahi, linapona."

Ngiri akapanua kinywa, aaa! Nyani naye, aaa! Mosi je? Thubutu! Aliposikia tu ko-ko-ko mlangoni, chupu, dirishani! Akajificha kichakani mpaka shule ikafungwa. Nyumbani hakusema neno. Angesemaje, na yeye alidhani mama ndiye aliyemwita?

Jino likatoboka. Likauma. Mosi akatafunia upande wa pili. Nao ukauma.

"Mbona huli?"

"Nimeshiba, mama."

Fisi, kushiba! Jamani, Bi Fisi angeshtuka hapo. Hakushtuka.

Shavu likavimba, homa ikapanda, ndipo akambeba mgongoni mbio kwa Kigong'ota. Njia nzima mtoto analia, "Nisamehe, mama! Sirudii tena!"

"Nikusamehe nini, mwanangu?"

"Sijui. Lakini si unanipeleka kwa Kigong'ota?"

Bi Fisi akasimama katikati ya njia.

Kigong'ota alichungulia, akatikisa kichwa. "Magego yameoza mpaka mizizini, Bi Fisi. Na haya ni ya ukubwani, hayaoti mengine. Siku ile shuleni ningeyaokoa. Kwa nini alinikimbia?"

"Nilimtishia kwa jina lako," akasema Bi Fisi, akalia.

Magego yakang'olewa. Na fisi bila magego havunji mfupa. Mosi akawa mkubwa, mrefu kumpita mama yake, na bado mama ndiye anayemvunjia mifupa. Kach, kach. Kila akivunja mmoja anajuta, na Mosi anapokea bila kumtazama usoni.

Basi, wazazi, tabibu msimfanye zimwi. Mtoto mkimtishia kwa mganga wake, siku akiugua atamkimbilia nani? Nanyi watoto, tabibu wa meno akija shuleni, panueni vinywa. Hadithi yangu imekomea hapo, kwenye mfupa wa Mosi. Kapigeni mswaki.