Kiangi na Mfereji wa Vijiji Viwili

Paukwa.

Pakawa.

Niliyopewa, niwape?

Utupe, nasi tutayapokea.

Zama hizo, kabla yetu na kabla ya waliotuzaa, alikuwako mwanachuoni jina lake Kiangi. Alizaliwa Mlimani, kijiji cha juu, akashuka pwani kutafuta elimu. Alisoma, akasomesha, mvi zikamkuta chuoni. Wenziwe waliandika habari za wafalme na vita vyao. Yeye akachukua wino na bakora, akarudi kwao kukusanya habari za vijiji.

Wenziwe wakamcheka. "Shehe Kiangi, unaacha habari za masultani ukaandike za mifereji?"

"Masultani wana wa kuwasifu," akajibu. "Mfereji hauna."

Basi akazunguka. Bakora ko, ko, ko, mlima huu. Ko, ko, ko, mlima ule. Kila aliyemsimulia jambo alimuuliza: "Nani alikuambia? Na huyo, nani alimwambia?" Aliifuata kamba ya majina, jina kwa jina, hata akafika kwa aliyeona kwa macho yake. Kisha alikwenda kwa watu wengine, wasiohusiana na wale kwa damu wala kwa ndoa, akauliza upya. Kamba mbili zikifika mahali pamoja, aliandika. Zisipofika, alifunika wino.

Watu wakampachika jina, Bwana Nani-Alikuambia. "Hata ukimwambia kumekucha," walisema, "atakuuliza umeambiwa na nani."

Mwaka mmoja mvua ikakosa. Mfereji mmoja ndio ulionywesha vijiji viwili. Ulitoka kwenye chemchemi ng'ambo ya korongo, ukapita Mlimani, ukateremka Bondeni. Chururu, chururu, juu. Chururu, chururu, chini. Maji yalipopungua, Jumbe Mndeme wa Mlimani akataka kuuziba, Bondeni wasipate hata tone. Na mahindi ya Bondeni yalikuwa yamekwisha kujikunja majani.

Jumbe akamwita Kiangi. "Ndugu yangu, babu zetu ni wamoja. Kesho barazani useme kwamba babu yetu ndiye aliyeuchimba mfereji. Neno lako halina wa kulipinga."

"Nani alikuambia?"

"Usinianze, Kiangi. Ukisema jingine, wallahi hutazikwa penye makaburi ya baba zetu."

Kiangi akachukua bakora yake, akatoka. Alikuwa mzee, na katika makaburi yale alikwisha kujichagulia mahali, ubavuni pa mama yake.

Asubuhi watu wa juu na watu wa chini wakakusanyika barazani, ukingoni mwa mfereji. Kiangi akasimama.

"Jumbe, siku ya kuzoa tope la mfereji huu, nani hutia mkono kwanza?"

"Mwanamke wa Bondeni. Wa nyumba ya Bibi Nakijwa."

"Nawe hufanya nini?"

"Nangoja, jembe nimelificha mgongoni."

"Kwa nini?"

"Ndivyo tulivyokuta."

Bibi Nakijwa, ajuza wa Bondeni, akadakia. "Na msimu uliopita nilichelewa. Alingoja mpaka jua likamfika utosini, maskini."

Watu wakacheka. Kiangi akangoja wamalize.

"Bibi Nakijwa aliambiwa na bibi yake, naye aliambiwa na mama yake, kwamba mjane wa Bondeni alichimba pamoja na wanawe, wakipandisha mpaka chemchemi. Alipopita hapa Mlimani aliwakuta babu zetu wanateka maji korongoni kwa taabu. Akawagawia. Alitaka jambo moja tu, kwamba kila msimu mkono wa nyumba yake utangulie. Wahunzi wa mlima wa tatu kutoka hapa, ambao hawaoani nasi wala nao, husimulia kwamba wazee wao ndio waliomfulia mjane huyo majembe. Kamba mbili zimekutana. Ya tatu, Jumbe, unaibeba mwenyewe mgongoni."

Jumbe akamkazia macho. "Kiangi, wewe ni wetu au wao?"

"Wenu. Ndiyo maana sikutaka mwambiwe haya na mgeni."

Mfereji haukuzibwa. Walipeana zamu, na Bondeni wakavuna. Si kwa wingi, lakini wakavuna.

Jumbe hakulegeza kiapo. Kiangi alipofariki, makaburi ya Mlimani yalifungwa kwake. Watu wa Bondeni wakapanda, wakamwosha, wakamsalia, wakamzika ukingoni mwa mfereji.

Msimu wa tope ukafika. Jumbe akasimama karibu na kaburi, jembe mgongoni, akingoja. Mke wa mwanawe, bibi arusi aliyetoka mlima mwingine, akamuuliza:

"Baba, mfereji huu aliuchimba nani?"

"Mjane wa Bondeni."

"Nani alikuambia, baba?" Maana swali lile lilikuwa limekwisha kuenea milima yote.

Jumbe akalitazama kaburi.

"Ndugu yangu," akasema. "Kiangi."

Bibi Nakijwa akainama, akazoa tope la kwanza. Tope la pili lilikuwa la Jumbe. Hakulitupa kando. Alilipeleka juu ya kaburi, akalisawazisha kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayekanda ukuta wa nyumba yake.

Basi, wanangu, mkipewa habari, ulizeni imepita vinywani mwa nani. Na ikiwa ya kweli, ipokeeni hata ikiwauma, na msimnyime aliyeileta mahali pake miongoni mwenu.

Hadithi yangu naitua hapa. Atakayeibeba, amtaje aliyempa.