Nafasi Moja ya Theluji

Bisha! Nimekuruhusu. Sema mimi Mauki, mtu aliyeishia darasa la tano, hawezi kumchagulia mzungu mlima wa kutelezea kwenye theluji. Umeshabisha? Haya, sasa nyamaza usikilize.

Tulikuwa wapagazi watatu wa Marangu, chini ya Kilimanjaro. Ndesanjo alijaliwa jicho: akiutazama mteremko leo, anajua kesho utafanya nini. Aminiel alijaliwa kujua miguu: mguu wa nani utagoma na baada ya hatua ngapi. Mimi nilijaliwa mdomo. Unacheka? Subiri.

Miaka saba tulibeba mizigo ya watu hadi kwenye theluji. Kuichezea sisi wenyewe, hata siku moja.

Mwaka juzi tukampandisha Bibi Helga, mjane wa miaka sabini. Kambini akatandaza vipeperushi vya hoteli tatu za kwao, za watu wa kuteleza.

"Nataka likizo ya baridi na wajukuu," akasema. "Wauza safari kila hoteli wanaisifia. Nichagulieni ninyi. Mkipatia, mwaka unaofuata mmoja wenu nampeleka."

Ndesanjo akashika picha ya kwanza. "Bibi, tazama. Hapa katikati miti ni midogo, kando yake mikubwa. Theluji huwa inashuka hapa ikifagia." Akaitupa.

Aminiel akachukua ya pili, akahesabu kwa kidole. "Ngazi themanini na sita toka mlangoni hadi kwenye viti vya waya vinavyopandisha watu mlimani. Kwa goti hilo la kushoto, bibi? Unalificha, lakini nimetembea nyuma yako siku tatu." Bibi akacheka, akaitupa mwenyewe.

Ikabaki ya tatu. Tuliposhuka nikapiga simu. Imejaa!

"Basi tena," akasema Aminiel.

Basi tena? Na mdomo huu upo? Kwa Kiingereza changu cha kubebea mizigo nikamuuliza mwenye hoteli: bibi mwenye goti moja zima amepanda Kilimanjaro, wewe unamnyima kitanda? Nikaongea mpaka akatoa chumba cha chini, karibu na mlango.

Baridi ilipofika, maporomoko ya theluji yakaifunika hoteli ya kwanza. Bibi na wajukuu wakateleza salama kwenye ile ya tatu. Ujumbe ukaja kwenye simu yangu: "Mmepatia. Nafasi ni moja. Nipeni jina."

"Bila jicho langu angezikwa," akasema Ndesanjo.

"Bila mimi angevunjikia kwenye ngazi," akasema Aminiel.

"Bila mimi angelala nje!"

"Mauki, mdomo haujawahi kuokoa mtu," akasema Ndesanjo.

Wiki tatu tukabishana bila kuafikiana. Je, wewe ungeamua vipi?

Ngoja, usijibu. Kuna kipande nimekiruka. Jina nilishalituma kabla sijawasomea wenzangu ujumbe. Langu. Nakusimulia kutoka huku huku kwenye theluji, matako yanauma kwa kuanguka, nimevaa koti la Aminiel. Nilimwambia naenda Arusha.

Sijuti! Kwetu ukimkosea mtu, ukampelekea jani la isale, hana ruhusa ya kukataa kukusamehe. Ninayo mawili mfukoni, yamekauka. Niliyachuma kwenye uzio wa mama yake Ndesanjo, ndipo nikatuma jina.

Nikirudi nitawapa, kila mtu lake. Ila niambie wewe unayejua kubisha: jani lililochumwa kabla ya kosa, linasamehe?