Gari la Maji na Kasha la Mawe

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo. Hadithi hii nitaifikisha mahali, kisha nitawaachia ninyi. Kwa hiyo kila mtu asikilize kama hakimu, na asiwe na haraka ya kumchukia yeyote.

Palikuwa na mji uitwao Ngazini. Nyumba zake zilipanda mlima safu juu ya safu, kutoka Ngazi ya Kwanza kule bondeni hadi Ngazi ya Saba kule juu kwenye ukungu. Katika mji huo waliishi watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza ni Anyosisye, mpasua mawe. Kipaji chake kilikuwa jicho la uzito. Akitazama jiwe, gunia au ng'ombe, alijua kitaegemea upande gani kikiachwa, na kitavuta nini kikianguka. Shule aliiacha darasa la nne.

Wa pili ni Mama Tusekile, fundi wa kuchomelea vyuma. Kipaji chake kilikuwa mikono. Chuma kilichowashinda mafundi wa mjini kilimtii yeye. Ulimi wake, hata hivyo, ulikuwa mkali kuliko tindo, na wateja wengine walimlipa upesi ili tu waondoke.

Wa tatu ni Ambokile, dereva wa gari la zimamoto. Kipaji chake kilikuwa sikio. Alisikiliza injini kama mama anavyosikiliza kikohozi cha mwanawe, akajua kama ni cha vumbi au cha homa.

Sasa sikilizeni shida ya mji huo. Kituo cha zimamoto kilikuwa bondeni kando ya mto, kwa kuwa ndiko maji yaliko. Geti lake lilifunguka moja kwa moja kwenye mlima mkali. Gari lilikuwa la zamani, na tangi lake likijaa, halikuweza kuondoka. Likishaondoka lilikwenda vizuri tu. Tabu ilikuwa ile hatua ya kwanza. Watu walilifananisha na bibi aliyekaa kwenye kigoda: akishasimama anafika sokoni na kurudi, lakini nani atamwinua? Dereva akiachia breki, gari lilirudi nyuma, klachi ikafuka moshi, na watu wakacheka kwamba zimamoto nao wanaungua.

Ndipo ikazaliwa desturi ya Ngazini. King'ora kikilia, jambo la kwanza walilofanya askari wa zimamoto ni kufungua koki na kumwaga nusu ya maji barabarani, ili gari liwe jepesi. Wanawake wa Ngazi ya Kwanza walikuja mbio na ndoo kukinga. Desturi ikadumu miaka hata hakuna aliyeiona kuwa ya ajabu, mpaka siku ilipoungua safu ya nyumba za Ngazi ya Tano, na maji yakaisha zikiwa zimebaki nyumba nne. Moja ya hizo nne ilikuwa ya dada yake Anyosisye. Ikateketea wanaiangalia.

Anyosisye akashuka kituoni masizi yangali usoni.

"Mnamwaga maji ili mwende kuzima moto," alisema. "Jamani! Hata mlevi hamwagi pombe ili afike kilabuni."

"Tufanyeje, kaka?" Ambokile akamjibu. "Gari halinyanyuki."

"Basi lisinyanyuke lenyewe. Linyanyuliwe."

Akachuchumaa, akachora kwa kidole kwenye tope. Kule machimboni walikuwa na matoroli mawili kwenye waya mmoja: lililojaa mawe likishuka, tupu linapanda. Kando ya barabara ya kituo palikuwa na korongo refu. Wakining'iniza humo kasha la mawe, waya wake ukapita juu ya kapi lililosimikwa hatua thelathini juu ya geti, na ncha ya pili ikashika pua ya gari, basi kasha likiachiwa lishuke, gari litapanda. Baada ya hatua thelathini gari litakuwa limeshapata mwendo wake. Watu watalivuta kasha juu tena polepole kwa winchi, lingoje moto mwingine.

Akaenda halmashauri na mchoro wake, safari hii wa mkaa juu ya kipande cha boksi. Wakamwambia aje kesho. Kesho wakamwambia aje na mhandisi. Akakaa chini mlangoni.

"Utakaa hapo mpaka lini?" karani akamuuliza.

"Mpaka mtu aniulize nimeleta nini."

Alikaa siku tatu. Siku ya tatu msimamizi wa machimbo akampa mtu mwingine kazi yake, na pamoja na kazi chumba chake cha wafanyakazi. Siku hiyohiyo mwenyekiti wa halmashauri, kwa kuchoka kumruka mlangoni, akamwambia: "Haya, jaribuni. Lakini kwa vyuma vyenu wenyewe."

Anyosisye na Mama Tusekile walikuwa watani tangu babu zao. Mama huyo alipouona mchoro aliugeuza juu chini.

"Hii ni nini, mtani? Kuku anayetaga?"

"Ni gari, mtani."

"Na hapa gari linapoachana na waya, umechora nini?"

Anyosisye akainama kuutazama mchoro. Hapo hakuwa amechora kitu.

"Nilijua. Mwanaume anafikiria kufunga ndoa, hafikirii kuiachia." Akacheka mpaka akafuta machozi. "Waya usipoachia, kasha likifika chini gari litang'oka pua. Ukiachia mapema, linarudi nyuma na watu ndani. Niachie hapo mimi."

Ndoano ya kwanza aliyoitengeneza, alipoijaribu kwa gunia la mawe, haikuachia. Ya pili iliachia mapema. Kwa ya tatu akatafuta springi iliyovunjika ya lori, akaikata, akaikunja kwa moto, akapata ndoano inayobana waya unapovutwa, na kujifungua yenyewe waya unapolegea. Lakini kabla hajaimaliza, mwenye jengo alilopanga akasikia kwamba halmashauri haikuifurahia kazi hiyo, akaogopa, akamtoa nje na mashine yake, akaifunga karakana kwa kufuli lake. Mama Tusekile akaikokota mashine yake hadi mbele ya geti la halmashauri, akaomba umeme kwa kinyozi wa jirani, akachomelea ndoano hapohapo, cheche zikiruka kuelekea viatu vya madiwani.

"Mama, unatia watu hofu," diwani mmoja akamwambia.

"Moto mdogo huu, mheshimiwa. Ule mkubwa mliuangalia kwa utulivu."

Wakasimika kapi, wakajaza kasha, wakalining'iniza juu ya korongo kwa pini moja nene. Ndipo akaja Bwana Mwakalobo, mkaguzi wa usalama.

Msimchukie. Alikuwa mtu anayechechemea. Ujanani alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao, na waya wa chuma ulikatika, ukamchanja goti lake na kumuua rafiki yake papo hapo. Akautazama ule waya uliokazika juu ya korongo. Kisha akapitisha mnyororo kwenye pini, akafunga kufuli, na ufunguo akauvaa shingoni. Akaandika karatasi moja: kasha lisiguswe, na gari liendelee kutoka na nusu ya maji kama zamani.

Haikupita wiki mbili. Siku moja saa sita mchana, jua likiwa kali, moshi ukaonekana Ngazi ya Saba. Ghala la mbegu lilikuwa linaungua. Humo mlikuwa na mahindi na maharage ya mji mzima, na mvua za kupandia zilikuwa zinasubiriwa siku yoyote. Likiteketea ghala, hakuna ngazi itakayopanda.

King'ora kikalia. Wanawake wakaja na ndoo. Askari mmoja akashika koki.

"Toa mkono!" Ambokile akapaza sauti kutoka kwenye usukani.

"Afande, ni amri."

"Nimesema toa mkono. Leo halimwagiki hata tone. Mama zangu, rudini na ndoo zenu."

Mkuu wa kituo akamsogelea dirishani. "Ambokile, ukitoka na tangi zima umejifukuza kazi. Na ile nyumba ya kituo unairudisha leo."

"Sawa, mkuu. Nikirudi nitatoa vyombo. Kwa sasa nisogezee hiyo ndoano."

Mkuu hakusogea. Ambokile akashuka mwenyewe, akaiweka ndoano kwenye pua ya gari, akapanda tena, akawasha injini.

Mama Tusekile alikuwa ameshafika kwenye pini, anakata mnyororo kwa msumeno wa chuma. Ulikuwa mnyororo mnene. Anyosisye alikuwa juu kwenye kapi, anagongelea kabari kwenye nguzo yake isiyumbe. Alikuwa amesimama pale ambapo waya ukikatika ungempitia katikati.

"Shuka hapo, mtani!" Mama Tusekile akamwita. "Utakufa, na mimi nitamtania nani?"

"Uzito huu nimeuleta mimi. Nitausimamia."

Bwana Mwakalobo akaja akichechemea, jasho likimtiririka. Watu wakafikiri amekuja kuzuia. Akamwona mtu juu ya kapi, akauona waya, akautazama moshi. Akavua ufunguo shingoni.

"Ondoka hapo, mama," alisema. "Kwa msumeno utachelewa."

Akafungua kufuli, akaing'oa pini.

Kasha likashuka. Waya ukalia, nguzo ya kapi ikaguna lakini ikasimama. Gari zima, na maji yake yote, likaanza kwenda. Sasa kazi ikawa ya sikio. Ambokile alijua kwamba akikanyaga mafuta mapema magurudumu yatateleza, na akichelewa, kasha litamaliza safari yake gari likiwa halijapata nguvu. Akasikiliza. Injini ilikohoa mara moja, ikakohoa mara ya pili, kisha ikaanza kuunguruma kwa sauti nene, na hapo akakanyaga. Waya ukalegea. Ndoano ikafunguka yenyewe, ikaanguka kando kama embe lililoiva, na gari likapita chini ya kapi likipiga king'ora. Kule nyuma watu walipiga vigelegele wakiwa na ndoo tupu.

Theluthi ya ghala iliungua. Mbegu za kutosha zilibaki.

Siku ya tatu watu wa Ngazi ya Saba wakaitisha mkutano. Bibi Kissa, mtunza mbegu, akasimama. Akasema ngazi yao imekubaliana kutoa shukrani, na shukrani hiyo ni kiwanja.

Watu wakaguna. Ninyi mnaoishi kwenye tambarare hamwezi kuelewa. Ngazini mtu hulala kichwa kikiwa juu ya miguu, na chungu huegemezwa jiwe kisimwagike. Kiwanja kile, hatua kumi na mbili kwa kumi, kilikuwa cha mwisho kilicho sawa katika mji mzima.

"Na tukigawe?" mtu mmoja akauliza.

"Ukikigawa mara tatu utapata makaburi matatu," Bibi Kissa akajibu. "Ni nyumba moja, au karakana moja. Na kwetu shukrani haikatwi vipande. Hupewa mtu mmoja, akachomekewa kigingi chake."

Mwenyekiti wa halmashauri akasimama, akakohoa. Akasema kwamba watu waungwana hawagombanii zawadi. Pengine kiwanja kibaki chini ya halmashauri kwa niaba ya wote watatu, nao wanyamaze kwa heshima.

"Hapana!" Watatu walisema kwa pamoja, na hiyo ilikuwa mara ya mwisho siku ile kukubaliana.

"Mimi nitadai, tena kwa sauti," Anyosisye akasema. "Miaka mingapi mlimwaga maji mkaona ni kawaida? Niliona mimi. Nilikaa mlangoni mkaniruka kama paka. Sina kazi, nalala kwa dada yangu ambaye naye analala kwa jirani. Bila jicho langu, Mama Tusekile angekuwa anachomelea madirisha."

"Na bila mimi, mtani, jicho lako lingeng'oa gari pua," Mama Tusekile akajibu. "Mawazo hata mbuzi anayo. Nani alikunja ile springi? Karakana yangu imefungwa, mashine yangu inalala kwa kinyozi kati ya nywele. Nipeni mahali pa kusimama niwatengenezee kasha la pili na la tatu. Sijaja hapa kuwa mnyenyekevu."

"Kasha lenu lilining'inia wiki mbili," Ambokile akasema. Aliongea polepole. "Lingekuwa bado linaning'inia. Mimi ndiye niliyekuwa ndani ya gari ambalo halijawahi kuvutwa na kasha, na amri ya kufukuzwa mfukoni. Vyombo vyangu viko nje ya geti la kituo. Wenzangu walimwinua bibi kigodani. Aliyemfikisha sokoni ni nani?"

Kijana mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Na Bwana Mwakalobo? Si ndiye aliyeng'oa pini?"

Watu wakamgeukia mkaguzi.

"Msinihesabu," alisema. "Nilifungua nilichokifunga mwenyewe. Na nyumba ninayo." Kisha akaongeza, kama anayejisemea: "Lakini yule aliyesimama chini ya waya, mimi nisingeweza."

"Unampigia debe mtani wangu!" Mama Tusekile akamkemea, na mkutano mzima ukacheka. Lakini kicheko kilipotulia, wale watatu walikuwa bado wamesimama, na hakuna hata mmoja aliyekubali kukaa.

Mawingu yalikuwa yameshafunika kilele. Bibi Kissa akatoa kigingi kimoja cha mti wa mkaratusi, kimechongwa ncha, na nyundo. Akasema mvua ikianza, udongo wa kiwanja utalainika, na kigingi hakitashika mpaka kiangazi kijacho. Kwa hiyo ni leo. Akawatazama watu wa Ngazi ya Saba, wakatazama chini. Akawatazama wa Ngazi ya Kwanza, wenye ndoo, nao wakatazama mto.

Jicho lililoona, mikono iliyokunja, au sikio lililosikiliza? Kila mmoja amepoteza pake kwa ajili ya wote, na wawili kati yao watashuka mlima leo bila mahali pa kulala palipo pao.

Tone la kwanza limeshamwangukia Bibi Kissa mkononi. Wewe uliyesikiliza mpaka hapa, usinitazame mimi. Nyundo hii, shika. Kigingi unakigongelea kwa jina la nani?